Kiti cha Kushoto

Mwezi ule wa sita, mizigo kumi na mmoja ililetwa nyumbani kwa mwalimu Félicien, na kumi kati yake ilikuwa na majina.

Pale Bunia, kwetu Kongo, watu wakisikia kwamba unasafiri, safari si yako tena, ni ya mtaa mzima. Mwenye shangazi Nebbi analeta unga wa muhogo. Mwenye mtoto anayesoma Arua analeta sweta na barua ya kumkaripia. Kukataa huwezi. Ukimkatalia mtu kamzigo kake leo, kesho ukifiwa utalia peke yako. Kwa hiyo Elisabeth, mke wa mwalimu, alikata vipande vya karatasi, akaandika juu yake jina la aliyetuma na la atakayepokea, akavibana kwenye kila kifurushi kwa pini za kushonea. Alikuwa fundi wa cherehani, pini hazikumpungukia. Mzigo wa kumi na moja tu ndio uliokosa karatasi, maana alichelewa kumwuliza jina aliyeuleta. Ni kosa dogo. Hata mimi ningelifanya, na wewe usijitie ujuaji.

Safari yenyewe iliwashangaza watu wa mtaa wao wa Rwambuzi. Félicien alikuwa anafundisha jiografia, na kwa miaka kumi na miwili alichora mto Nile ubaoni kwa chaki ya buluu bila kuuona hata siku moja, ingawa unatokea kwenye ziwa letu sisi wenyewe. Mwaka huo wa 2014 akauza ng'ombe wawili wa urithi, akanunua gari, RAV4 iliyochakaa kidogo, akatangaza kwamba likizo ya mwezi wa saba atampeleka mkewe Uganda kutalii. Ataendesha mwenyewe. Watapita Mahagi, wavuke mpaka pale Goli, washike Nebbi na Pakwach, waingie mbugani waone maporomoko, tembo na nyati, kisha warudi. Siku sita.

"Ngombe mbili!" alisema baba yake mdogo, mzee Bruno, akishika kichwa. "Juu ya kwenda kuangalia nyati! Nyati iko na maziwa, Félicien?"

Félicien alicheka tu, akaendelea kuandika katika daftari lake. Lilikuwa na mistari iliyopigwa kwa rula: saa ya kuondoka, mahali pa kujaza mafuta, mahali pa kula, mahali Elisabeth atakaposhuka kujisaidia, maana mjamzito hana subira ya ramani. Mtu huyo alikuwa anapanga mpaka raha.

Elisabeth alikuwa na mimba ya miezi mitano. Ilikuwa ya tatu, na mbili za kwanza zilimponyoka. Hii aliibeba kama mtu anayevuka daraja la mti mmoja, na hakuna kitu duniani alichokitaka kuliko kumwona mtoto huyu akiwa hai mikononi mwake. Muuguzi Denise, rafiki yake wa tangu shule, alimwambia gari halitamdhuru mpaka mimba itimize miezi saba.

"Ile mpaka nilivukaka mara tatu," Elisabeth alimwambia mumewe jioni moja. "Zote nilikuwa nakimbia. Ile nakumbuka ni migongo ya batu tu."

"Njo maana tunaenda," Félicien alijibu. "Mara hii utaangalia pembeni."

Nyuma ya mlango wao bado ulikuwepo mkoba wa kukimbia, kama katika nyumba nyingi za Bunia miaka ile: vyeti, sabuni, chumvi, khanga moja. Vita vilikwisha, lakini hakuna aliyethubutu kuufungua. Félicien alitaka kuutumia kwa safari. Elisabeth alikataa kabisa, akamwambia mkoba ule usiguswe.

Siku za Jumapili baada ya misa walikuwa wanafanya mazoezi katika uwanja wa shule. Gari lile usukani wake ulikuwa kulia, kama nusu ya magari ya Bunia yanayotokea Uganda, na sisi Kongo tunapita upande wa kulia wa njia. Dereva wa gari la namna hiyo anakaa upande wa mtaro, na akiwa nyuma ya lori haoni lolote mbele. Mtu wa kiti cha kushoto ndiye jicho lake. Yeye ndiye anayechungulia na kusema ngoja, au pita. Elisabeth alikuwa na jicho zuri na sauti isiyo na papara, na Félicien alimwamini kuliko vioo vyake. "Uganda utapumzika," alimwambia huku akigonga usukani na kuzunguka matofali waliyoyapanga, kwa upande wa kushoto kama wanavyopita Uganda. "Kule volani hii iko ku fasi yake. Nitaona miye mwenyewe."

Mwanamke yule alikuja siku ya Jumanne, saa nane ya mchana, jua likiwaka. Elisabeth alikuwa barazani, mguu kwenye cherehani. Hakusikia geti. Aliinua macho tu, akaona mtu amesimama mbele yake, mwanamke wa rika lake, kitambaa cha kichwa kimeshushwa hadi kwenye nyusi, na pindo la nguo yake linadondosha maji. Elisabeth alidhani ametoka kufua.

"Weye njo bibi ya bwana ya gari?"

"Njo miye, mama. Karibu kiti."

"Sitaikala. Banasema munaenda ngambo."

"Tunaenda, mwezi ya saba."

"Mutapita na Panyimur?"

Panyimur haikuwa katika daftari. Ni bandari ya wavuvi upande wa Uganda, unaiacha njia kubwa na kushuka ziwani. Lakini si mbali na Pakwach, na Elisabeth hakujua kusema hapana.

"Tunaweza pita, mama."

"Niko na kamuzigo. Ni ya bwana yangu, Katsuva. Anauzishaka samaki kule, batu yote banamujua. Umupatie mu mikono yake. Mikono yote mbili."

"Tutamupatia. Usione mashaka."

"Umesema?"

"Nimesema."

Kilikuwa kitenge kilichokunjwa na kufungwa kwa kamba nyembamba ya wavu, fundo dogo gumu. Kilikuwa chepesi mno. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na walikuwa wanatuonya, lakini Elisabeth alifurahi tu kwamba hiki hakitamchosha kubeba. Alikiweka juu ya meza, akainama kuchukua kalamu, akafungua kinywa kuuliza jina. Baraza lilikuwa tupu. Juu ya saruji kavu kulikuwa na nyayo za maji zinazoingia kutoka getini hadi mbele ya cherehani. Nyayo za kutoka hazikuwepo.

Alizitazama mpaka jua likazikausha, kisha akajiambia kwamba wajawazito huona mambo.

Sasa msikie kosa la pili, na hili ni la Félicien, kwa sababu ya daftari lake. Alikuwa anaandika orodha ya mizigo yote kwa ajili ya watu wa forodha.

"Pale Goli bataniuliza, hii ni nini? Nitajibu nini?"

"Utajibu ni ya batu. Muzigo ya batu haifunguliwake, Féli."

"Hata sabuni tumeandika. Hiki kimoja tu kiharibu liste?"

Elisabeth alikataa. Lakini Jumamosi, alipokwenda sokoni, mwalimu alikaa na fundo lile kwa nusu saa, akalilegeza kwa ncha ya kompasi, akakunjua. Ndani hamkuwa na kitu. Kilikuwa kitenge tu, chenye ndege wa buluu waliofifia. Aliandika: mzigo wa 11, kitambaa kimoja. Kisha akajaribu kufunga tena, na fundo lile halikukubali kurudi jinsi lilivyokuwa, akaishia kufunga lake la viatu.

Elisabeth alisimama mlangoni na kapu lake, akanusa.

"Umepika samaki?"

"Hapana."

"Nyumba inanuka ziwa," akasema.

Kesho yake kiti cha kushoto cha gari kilikuwa kimeloa. Vioo vilikuwa vimefungwa na mvua haikuwa imenyesha kwa siku nne. Félicien alikausha kwa taulo, akakagua paa na mpira wa mlango, hakuona tundu. Siku iliyofuata kiti kimeloa tena, na safari hii maji yalikuwa na umbo, duara pana la kukalia na mstari wa mgongo. Alinusa kidole chake. Matope ya pwani na samaki wa kukaushwa.

Siku ya tatu walikuwa mezani, mchana, wanakula ugali na sombe ya majani ya muhogo. Gari lilikuwa uani, limefungwa kwa ufunguo, na ufunguo uko kando ya sahani. Wakasikia mlango wa gari unafunguka. Wakasikia unafungwa, taratibu, kama anavyofunga mgeni mwenye adabu. Halafu ikasikika sauti ya mkanda wa kiti ukivutwa, na kuingia mahali pake, tak.

"Umesikia?" Félicien alinong'ona.

"Kula," alisema Elisabeth.

"Eli, kuna mutu mu gari."

"Najua. Kula, usigeuke."

Hakuna aliyekula. Baada ya muda Félicien alitoka na fimbo ya ng'ombe ya marehemu baba yake. Gari lilikuwa tupu. Mkanda wa kiti cha kushoto ulikuwa umefungwa juu ya kiti kitupu, umekaza.

Mtu mwingine angeliuza gari siku hiyo hiyo. Félicien alikuwa mtu wa jiografia, aliamini kwamba kila maji yana chanzo. Akasema mkanda una kasoro, akasema atalitoa gari barabarani mpaka Marabo na kurudi, ajaribu breki na injini kabla ya safari kubwa. Akaenda peke yake, asubuhi ya Jumatatu, na kilichompata huko hakumwambia mkewe siku ile, alikuja kukisema baadaye mbele ya mtu wa tatu.

Kwenda kulikuwa salama. Wakati wa kurudi alilikuta mbele yake lori la mbao linalotoka Komanda, limejaa kupita kiasi, linapanda mlima kwa kujikokota na kumwaga moshi, na yeye nyuma yake anaona mbao tu na vumbi, hana jicho, kiti cha kushoto ni kitupu, naye ana hamu ya kufika nyumbani kwa sababu harufu ya ziwa imejaa garini hata na vioo wazi, basi akasikiliza, hakusikia honi wala injini nyingine, akaweka gia, akaanza kuukata usukani kushoto kidogo, kidogo tena, pua ya gari ikaanza kuchungulia njia, na hapo, kutoka kando yake, karibu kabisa na sikio, sauti ya mwanamke, tulivu, isiyo na papara hata kidogo, ikasema:

"Ngoja kwanza, bwana ya gari."

Mikono ikarudisha usukani yenyewe. Lori la mafuta likapita kwa kishindo pale pale alipotaka kuwa, akaona hadi uso wa dereva wake. Félicien hakugeuza kichwa. Aliendesha nyuma ya mbao zile kwa mwendo wa mtembea kwa miguu, jasho linaingia machoni, na baada ya kona mbili sauti ile ikasema, "Sasa. Pita." Akapita. Njia ilikuwa nyeupe. Ndipo alipoogopa hasa, kwa kuwa alielewa kwamba huyu hataki kumwua. Huyu anataka kufika.

Tangu siku hiyo kiti kilikaa kikavu. Félicien alimshukuru Mungu. Harufu ilitoka garini, na akadhani imetoka kabisa.

Ilikuwa imehama. Elisabeth aliamka alfajiri na ladha ya maji ya ziwa mdomoni. Mtoto wake, aliyekuwa akicheza kila mama yake akila kitu kitamu, alitulia siku mbili nzima, kisha akaanza kujikunyata upande mmoja wa tumbo, kama mtu aliyesogezwa kitandani. Alikwenda kwa Denise mbio. Denise alimlaza, akaweka juu ya tumbo ile pembe ya mbao ya kusikilizia mapigo ya mtoto, akaegemeza sikio. Akasikiliza. Akahamisha pembe. Akasikiliza tena, na mkono wake ukatafuta kifundo cha mkono wa Elisabeth, ukakishika.

"Denise, sema."

"Tulia."

"Amekufa?"

"Hapana, yeye iko. Iko anapiga mbio, muzuri." Denise alihamisha pembe tena. "Lakini iko ya pili. Inapiga pole pole. Nilifikiri ni ya kwako, njo maana nimekushika mukono. Haifanane na ya kwako, Eli. Ni roho ya mutu mukubwa."

Walikwenda kupigwa picha ya tumbo. Picha ilionyesha mtoto mmoja, wa kike, amejibana ubavuni, na nafasi yote iliyobaki ilikuwa tupu na nyeusi. Daktari alisema yote ni sawa. Jioni hiyo hiyo Denise aliwapeleka kwa Ézéchiel.

Ézéchiel hakuwa mganga wa matunguri. Zamani alikuwa karani wa bandari ya Mahagi-Port, kazi yake ni kuandika majina ya abiria wa mitumbwi. Sasa alikuwa mzee wa kuombea watu, katika chumba cha mabati nyuma ya kinyozi, na alikuwa na kawaida ya kikarani, huwezi kusema shida yako kabla hajaandika jina lako. Aliwaandika wote watatu. Kisha akasikiliza. Félicien akasema ya Marabo kwa mara ya kwanza, huku anatazama sakafu, na Elisabeth akamtazama kwa macho ambayo nisingependa kutazamwa nayo.

"Nani alituma ule muzigo?" aliuliza mzee.

"Hatujui jina," Elisabeth alisema.

"Mulipokea muzigo ya mutu bila jina?" Aliweka kalamu chini. "Mulileta?"

Elisabeth akatoa kitenge katika mfuko. Mzee hakutazama wale ndege. Alishika kamba ya wavu, akaizungusha kidoleni, na uso wake ukasawijika.

"Hii kamba nilimupatia miye," alisema. "Mwaka ile ya vita. Anaitwa Camille. Bwana yake alitanguliaka kuvuka, akamwambia, ngoja, nitarudi kukutosha hapa, tuvuke wote. Alingoja miezi mbili pale bandari. Kila siku anakuja kuniuliza kama jina ya Katsuva iko mu kitabu. Hiki kitenge njo kile Katsuva alimupatia siku ya ndoa. Nyuma ikaja siku ya kukimbia, akaingia mu bwato ya mwisho. Batu balikuwa mingi, nilisema mingi, hakuna mwenye alinisikia. Akaniomba kamba afunge kitenge yake isilowe." Akaitoa kamba kidoleni. "Niliandika makumi tatu na moja. Hakufika hata mumoja."

Nje, kinyozi alizima mashine yake.

"Muzee, umufukuze," Félicien alisema kwa sauti ndogo. "Tafazali."

"Nimufukuze na nini? Huyu si shetani. Ni mutu alituma, na weye, mama, ulisema utafikisha. Maji haimuachilie kupita, njo maana anatafuta batu ya njia ya gari. Alikuwa mu fundo, anatulia. Mwalimu akafungua. Akatoka, akakalia kiti. Sasa amepata kiti ya muzuri kuliko ile."

Elisabeth aliweka mikono yote miwili juu ya tumbo. "Na mutoto wangu?"

"Chumba ni kimoja, batu ni babili. Siku ya kuzaa, mumoja njo atatoka." Mzee hakumficha, na labda ndiyo heshima pekee aliyokuwa nayo ya kumpa. "Muende mbele siku ile haijafika. Mumupatie Katsuva hiki mu mikono mbili, na amuite jina yake. Camille. Mwenye kumupokea lazima amuite. Akimuita, atashuka. Asipomuita, atabakia na mwenye amemubeba."

Félicien alirarua kurasa za safari kutoka katika daftari. Kituo cha kwanza sasa kilikuwa Panyimur.

Waliondoka wiki iliyofuata, kabla ya likizo kuanza rasmi. Njiani hadi Mahagi Elisabeth alikaa kushoto, na kila walipokuta lori alisema ngoja, alisema pita, na Félicien kila mara alisikiliza kwanza kama ni sauti yake. Pale Goli mtu wa forodha alipekua mizigo yote, akafika kwenye kitenge, akakigusa, akafuta mkono wake kwenye suruali na kuwaambia wapite. Wakahamia upande wa kushoto wa njia. Usukani sasa ulikuwa mahali pake, Félicien aliona mbele mwenyewe, na garini hakuna aliyehitaji kusema. Elisabeth alitazama pembeni kama alivyoahidiwa. Aliona mashamba ya pamba, baiskeli, watoto wenye sare za rangi ya waridi. Alikuwa analia bila sauti. Mtoto hakuwa amecheza tangu asubuhi.

Kweli, watu wote wa Panyimur walimjua Katsuva. Alikuwa na nyumba ya bati jipya, duka la samaki wa kukaushwa, tumbo la mtu anayekula vizuri, mke kijana mwenye ufunguo wa sanduku shingoni, na watoto watano. Alifurahi kuwasikia watu wa Bunia, akawavutia viti. Halafu Elisabeth akatoa kitenge.

Sijapata kuona mtu anazeeka akiwa amesimama, lakini Félicien aliapa kwamba ndivyo ilivyokuwa.

"Nani amewatuma?" Katsuva aliuliza.

"Unamujua, papa," Elisabeth alisema. "Pokea na mikono mbili, na umuite jina yake. Mara moja tu."

Mke wake aliacha kupanga samaki. "Ni ya nani hii?"

"Ya dada yangu mukubwa," Katsuva alisema haraka. "Alikufaka zamani."

"Dada gani? Jina yake nani?"

Alitazama mkewe, akatazama kitenge. Midomo yake ilifunguka, Elisabeth akaona ulimi wake unapanda, na tumboni mwake yeye mwenyewe kitu kikainuka kama mtu anayejiandaa kushuka garini. Katsuva akafunga mdomo. Akanyoosha mkono mmoja, wa kushoto, akakipokea kitenge kama mtu anayepokea chenji.

"Aksanti ya kufikisha," alisema. "Muende muzuri."

Elisabeth alimfuata hadi nyuma ya duka, akamshika shati, yeye aliyekuwa hajawahi kumshika mwanaume asiye wake.

"Muite, papa. Nakuomba."

"Mama, niko na batoto tano mu hii nyumba," Katsuva alinong'ona. "Nikimuita, ataingia."

"Na miye niko na mumoja!"

Akajitoa mikononi mwake, akaingia ndani, na wakasikia komeo.

Félicien alisema kitenge kimepokelewa, basi yamekwisha. Alilisema mara nyingi, njia nzima hadi mbugani. Kesho yake walisimama juu ya maporomoko, mto wote ule wa chaki ya buluu ukijibana katika mwanya wa mwamba na kuruka, manyunyu yakiwalowesha, na hapo, ghafla, mtoto akapiga teke. Elisabeth alipiga ukelele, akauchukua mkono wa mumewe na kuubandika tumboni. Wakacheka na kulia kama wendawazimu mbele ya wazungu. Waliporudi Bunia, Denise aliweka pembe yake ya mbao na kusikiliza, muda mrefu kuliko kawaida.

"Moja," akasema. "Iko moja tu."

Hakusema ni ipi, na wao hawakumwuliza.

Espérance alizaliwa mwezi wa kumi, mzima, mnene, kimya. Hakulia kama watoto wengine, alikuwa anatazama tu. Mzee Bruno alimpa ndama na kusahau habari za nyati. Elisabeth alimbeba mgongoni hata anaposhona, alimwimbia, alimnusa shingo mara kwa mara, na shingo ile ilinuka maziwa na poda kama ya mtoto yeyote. Miezi kumi, kumi na moja, mwaka, bila hata neno moja. Denise alisema kuna watoto wanaochelewa.

Alikuwa na miezi kumi na mitatu walipokwenda Marabo kumzika jamaa. Kurudi, asubuhi, kwenye ule mlima, walilikuta mbele yao lori la mbao. Elisabeth alikuwa kushoto na mtoto mapajani. Kiatu cha mtoto kikaanguka, akainama kukitafuta chini ya kiti, na Félicien, aliyekuwa amezoea kuwa na jicho, alidhani amemsikia akisema pita. Akaukata usukani kushoto.

"Ngoja kwanza, bwana ya gari."

Maneno yalikuwa safi, kila silabi mahali pake, sauti tulivu isiyo na papara. Félicien alirudisha gari nyuma ya mbao. Basi la abiria likapita likipiga honi.

Elisabeth aliinuka polepole, kiatu mkononi. Espérance alikuwa ameketi wima mapajani mwake, ameegemeza mikono miwili midogo kwenye dashibodi, anachungulia njia. Nguo ya Elisabeth, pale mtoto alipokaa, ilikuwa imeloa, na huenda ni mkojo tu. Hakuinama kunusa.

Jina lile Elisabeth analijua, na aliyempokea sasa ni yeye. Liko pale pale ulimini, majina yote ya dunia hii si mepesi kama lile. Akimwita, atashuka. Mara nyingine, akimnyonyesha mchana watu wakiwa wamelala, anafungua mdomo, mtoto anaacha ziwa na kumtazama, anangoja. Elisabeth anafunga mdomo na kumkumbatia kwa nguvu, maana hajui, huyo akishuka, mikononi mwake atabaki nani.